Radi ya Sinema na Radi ya Ufipa

Shukrani ziwaendee wenyeji waliokubali kwamba picha za kutisha zinastahili mhadhara. Baadhi ya waalikwa walipoisoma mada walicheka, na hawakukosea. Katika sinema ya aina hii kicheko kiko karibu sana na ukelele, na filamu nyingi zimekufa kwa sababu ukumbi ulicheka mahali ambapo mwongozaji alitaka upige yowe.

Kusudi la mhadhara huu ni kupima kitu gani hasa huifanya filamu imtishe mtu mzima mwenye akili zake, na kwa nini nyingi zinazosifiwa kwa kutisha hazifiki hapo. Hoja kuu iwekwe mezani mapema, ili anayetaka kuipinga aanze kujiandaa. Filamu hutisha inapochukua kitu ambacho mtazamaji atakigusa tena kesho asubuhi, iwe ndoo, sindano, kioo, mlango au salamu ya jirani, na kukitia shaka. Ikishindwa hapo, haiokolewi na meno marefu, damu ya rangi wala ngoma za kushtukiza. Na mji wa Sumbawanga, ambao Watanzania wa mikoa mingine wakiutaja hushusha sauti au huchomekea utani wa uchawi, una haki ya kuwa hakimu mkali kuliko wengine katika shauri hili.

1. Kelele

Anayeishi juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, hahitaji kufundishwa radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hupanda kutoka pande za Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, na watu hujua kuyasoma. Mwanga hufika kwanza. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu za kusubiri ni takriban kilomita moja. Mtoto anayechunga ng'ombe kule Matai anaijua hesabu hiyo hata kama hajawahi kuiandika daftarini: mwanga, kimya, ngurumo, kimya kikifupika, toka chini ya mti.

Sasa watazameni mabwana wa sinema. Katika filamu nyingi sana za kutisha, za Marekani, za Nigeria na za hapa nyumbani, mwanga na ngurumo hutoka kwa pamoja, kila mara, kana kwamba wingu lote limekaa juu ya paa la nyumba ya steringi. Wahariri wa sauti hufanya hivyo kwa kuwa ni rahisi na kunashtua. Lakini wametupa kitu cha thamani, nacho ni ule muda wa kusubiri. Hofu ya radi hukaa ndani ya zile sekunde. Kwa Ufipa inaongezeka maradufu, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba radi hutumwa. Mwenye imani hiyo, akiona mwanga, anajiuliza pia inamtafuta nani.

Mwaka 1942 mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur walilielewa jambo hili katika filamu ya bei nafuu iitwayo Cat People. Mwanamke anatembea peke yake usiku kando ya ukuta. Nyuma yake kuna hatua za viatu. Halafu hatua zile zinakoma, na yeye anaendelea kutembea. Tourneur anamwacha atembee, anamwacha ageuke, anamwacha aongeze mwendo, hakuna muziki. Ghafla kunasikika mkoromo kama wa mnyama, watu wanaruka vitini, kumbe ni basi limefunga breki. Tukio hilo likawa maarufu hata mbinu yenyewe ikapewa jina la basi la Lewton. Kwa zaidi ya miaka 80 waigaji wamelichukua basi na kuuacha mwendo uliolitangulia. Paka anaruka kutoka kabatini. Rafiki anamshika bega mwenzake. Mtazamaji hushtuka, ndiyo, kama ambavyo angeshtuka mtu akiangusha sufuria jikoni, na kama sufuria, sekunde ishirini baadaye ameshasahau.

Muziki nao una lawama zake, ingawa upo muziki uliofanya kazi yake barabara. Alfred Hitchcock alipotengeneza Psycho mwaka 1960 alitaka tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki wowote. Mtunzi Bernard Herrmann alimwandikia hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock aliposikia akakubali. Nyuzi zile zinakwaruza kama kisu chenyewe. Hazimwambii mtazamaji kwamba jambo baya linakuja, zinafika pamoja na jambo lenyewe. Tofauti na hapo ni kile kinanda kinachoanza kulia dakika nzima kabla ya mlango kufunguliwa, hata watoto wa mstari wa mbele wakaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, huyo!

2. Kinachofichwa

Hoja kwamba kisichoonekana hutisha kuliko kinachoonekana inajulikana, basi ipitwe haraka, isipokuwa mfano mmoja ambao mikoa ya maziwa inaustahili.

Steven Spielberg hakupanga kumficha papa wa filamu ya Jaws ya mwaka 1975. Alikuwa na papa wa mitambo, waliomwita Bruce, na maji ya chumvi yakawa yanamharibu kila siku. Kwa kukosa papa, mwongozaji akabaki na pezi, mapipa ya njano yanayoelea, kamera iliyowekwa usawa wa mdomo wa mwogeleaji, na sauti mbili za muziki wa John Williams. Ubovu wa mashine ukamlazimisha kutengeneza hofu kwa uso wa maji. Watu wanaochota maji au kuvua kando ya Ziwa Rukwa, lenye kina kifupi, maji ya tope na mamba wengi, hawahitaji kuelezwa kwa nini uso wa maji uliotulia unatosha. Mamba anayeonekana amejianika mchangani ni habari njema: unajua alipo.

Linganisheni na Anaconda ya mwaka 1997, iliyozunguka katika vibanda umiza vya nchi hii mpaka kanda zikachakaa. Nyoka anaonekana mapema, anaonekana wote, na anaonekana mara nyingi; nusu yake ni mpira na nusu ni kompyuta. Iko sehemu ambapo mashua inaondoka na nyuma yake maporomoko ya maji yanapanda juu badala ya kushuka, kwa sababu kipande hicho kilichezeshwa kinyumenyume. Katika mkoa wenye maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja mpakani na Zambia, makosa ya namna hiyo hayasameheki. Anaconda inachekesha, na kwa hilo ipewe heshima yake. Kuiita ya kutisha ni ukarimu.

3. Chombo cha kila siku

Hapa ndipo mhadhara unapotaka kukaa kitako.

Kabla ya sinema kuenea, Afrika Mashariki na Kati ilikuwa na masimulizi ya kutisha yaliyoshinda Dracula yeyote, nayo ni ya mumiani. Mwanahistoria wa Marekani Luise White aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 2000. Miji ya pwani na ya bara ilinong'ona kuhusu watu wanaokamatwa usiku na kunyonywa damu. Nani ananyonya? Hakuwa kiumbe mwenye mbawa. Nairobi na kwingineko walitajwa wazima moto, wenye gari jekundu, mipira mirefu na sare. Ng'ambo ya mpaka wetu, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama, na katika miaka ya ukoloni hata mapadre wa White Fathers walishukiwa. Mababa mtavumilia, shirika lenu lilikuwa limeshafika Karema tangu 1885 na lilikuwa na misheni pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo uvumi haukuhitaji pasipoti.

Tazameni vifaa vya simulizi hiyo: gari la serikali, mpira wa maji, ndoo, koti jeupe, sindano. Kila kimoja kipo mtaani mchana. Aliyesikia habari za mumiani usiku alikutana na gari lile asubuhi, limeegeshwa, likioshwa. Ndiyo maana hofu ile haikuhitaji mtu wa kuikumbusha. Wala haikufa na ukoloni: Oktoba 2017, kusini mwa Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha makundi ya watu kuua washukiwa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa baadhi ya watumishi wake huko.

Upande wa pili muwekeni Christopher Lee katika Dracula ya kampuni ya Hammer, 1958. Joho, meno, macho mekundu, kasri. Ni sinema nzuri ya kutazama na Lee alikuwa na kimo cha kuogopesha. Lakini nani katika Sumbawanga, au hata Birmingham, atakutana na kasri akienda kununua mkate?

Filamu inayotajwa mara nyingi kuliko zote kwa kutisha ni The Exorcist ya William Friedkin, ya mwaka 1973. Wengi hukumbuka kichwa cha mtoto kinachozunguka na matapishi ya kijani, ambayo yalikuwa supu ya njegere. Mhadhara huu unathubutu kusema kwamba vitu hivyo viwili vimepewa sifa kupita kiasi. Leo ukumbi wa vijana utavicheka. Kinachotisha bado ni sehemu ya hospitali. Binti analazwa chini ya mashine, sindano inaingia shingoni, damu inaruka, mashine inagonga kwa nguvu, na madaktari wanazungumza kwa utulivu wa kazi. Friedkin alitumia watumishi halisi wa hospitali. Katika dakika hizo hakuna shetani hata mmoja. Kuna mama amesimama nyuma ya kioo akitumaini kwamba wenye makoti meupe wanajua wanachofanya. Mzazi yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto kupigwa sindano, Marekani au Namanyere, ameingia filamuni kwa tiketi yake mwenyewe. Kwa hiyo mashetani yanapokuja kudhihirika, tayari mtazamaji amenyang'anywa kimbilio la kwanza, yaani dawa.

Kioo nacho kina historia ya karibu zaidi. Miaka ya 1930 ilipita katika nchi ya Wabemba harakati ya wasaka wachawi, wakiitwa bamucapi. Audrey Richards, mtafiti Mwingereza, aliandika habari zao mwaka 1935. Wanakijiji walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya msakaji, naye akawatazama kupitia kioo kidogo alichokishika. Hakugeuka. Aliyeshukiwa aliitwa atoe pembe zake za dawa. Miongo mitatu baadaye mkondo huo huo uliingia Ufipa kwa jina la Kamcape. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1960, aliueleza katika makala ya mwaka 1968. Vijana waliongoza, wazee ndio walioshukiwa zaidi. Baadhi ya wazee waliopo ukumbini huenda wanakumbuka zaidi ya alichoandika, na muda wa maswali ni wao.

Sinema ya kutisha inapenda sana vioo. Mtu anafunga kabati la bafuni, na kwenye kioo, nyuma ya bega, kuna sura. Tumeiona mpaka tumeichoka. Mbona kioo cha msakaji kilitetemesha vijiji vizima? Kwa sababu aliyekuwa akipita hakujua kioo kilionyesha nini. Alimwona mtu amempa mgongo, akajua kwamba sura yake mwenyewe imo mle ndani, na kwamba hukumu itatoka pasipo yeye kuona ushahidi. Mwongozaji kijana wa Ufipa angeweza kutengeneza tukio la dakika kumi kwa mstari wa watu, mgongo mmoja na kioo cha mfukoni, bila tone la damu. Na angekuwa na mwisho ambao Hollywood isingeubuni: Richards anaeleza kwamba pembe zilizokusanywa zilipochunguzwa, sehemu kubwa zilikutwa ni dawa za kawaida zisizo na madhara.

4. Uvumi

Hapa lazima kutenganisha mambo mawili yanayofanana sura. Kuna uvumi unaoisaidia filamu kuuzika, na kuna uvumi ulio ndani ya mwili wa simulizi.

Wa kwanza ni wa zamani kama sinema yenyewe. Inasimuliwa kote duniani kwamba ndugu Lumière walipoonyesha treni ikiingia stesheni ya La Ciotat, mwaka 1896, watazamaji wa Paris walikimbia wakidhani itawagonga. Mtafiti Martin Loiperdinger alipolifuatilia jambo hilo hakukuta ushahidi wa taharuki yoyote. Hata hivyo hadithi imeendelea, kwa kuwa inapendeza kuamini kwamba watu wa kale walikuwa waoga kuliko sisi. Vivyo hivyo The Exorcist: habari za watu kuzimia kumbini ziliiuzia tiketi nyingi kuliko bango lolote. Anayeitazama leo akiwa ameahidiwa kuzimia atatoka amenuna.

The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ni kesi ngumu zaidi. Ilitengenezwa kwa makumi machache ya maelfu ya dola ikavuna karibu milioni 250. Vijana watatu wanapotea msituni na kamera zao. Mchawi haonekani hata mara moja. Watengenezaji walifungua tovuti iliyodai kwamba vijana wale walipotea kweli, na waigizaji walitumia majina yao halisi. Je, imesifiwa kupita kiasi? Nusu. Msitu, giza na ugomvi wao juu ya ramani vinabaki imara hadi leo. Lakini nguvu nyingine ilikuwa ndani ya swali kama ni kweli, na swali hilo lilijibiwa ndani ya miezi michache. Aliyeikuta baadaye kwenye diski kule Laela alikuta nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Uvumi wa pili ndio wenye maajabu. Mwaka 1995, Pemba kisha Unguja, wakati wa joto la uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurejeshwa, watu walilala nje kwa makundi wakiota moto kwa hofu ya kiumbe kilichoitwa Popobawa. Watu wazima mnafahamu habari zenyewe, hazihitaji kuelezwa mbele ya wanafunzi. La muhimu ni sharti lake: ilisemekana aliyetembelewa lazima awasimulie wengine, asipofanya hivyo kiumbe kitarudi. Mtu mwenye aibu, ambaye angenyamaza, analazimishwa kusema. Simulizi limejifunga injini.

Miaka mitatu baadaye, Japani, Hideo Nakata alitoa Ringu, kutoka riwaya ya Koji Suzuki. Anayetazama kanda fulani ya video hufa baada ya siku saba, isipokuwa atengeneze nakala na kumwonyesha mwingine. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Tokyo ilisikia ya Pemba. Ni akili mbili zilizogundua kitu kimoja: hofu kali kuliko zote ni ile inayomfanya mwathirika awe msambazaji. Ndiyo maana Ringu haizeeki kama Blair Witch. Mtazamaji amekaa anatazama kanda, katika filamu inayosema kutazama kanda kunaua, na pembeni yake amekaa mtu ambaye kesho anaweza kumwazima.

Mfano wa upande wa pili, wa filamu iliyoacha cha kweli ili kuwapendeza watazamaji, kwa ufupi. Simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 hawakuwa na manyoya ya shingoni. Wako Chicago, katika makumbusho ya Field, kila mtu anaweza kwenda kuwaona. Filamu ya The Ghost and the Darkness, 1996, iliwapa manyoya mengi ya kifalme, kwa kuwa hivyo ndivyo watazamaji wa mbali wanavyomtaka simba. Simba mwembamba asiye na manyoya, anayefanana na jike, anayeingia hemani kimya kimya, angetisha zaidi, naye ndiye aliyekuwa wa kweli.

5. Picha zetu

Filamu ya Nsyuka, ya Mussa Banzi, ya mwaka 2003, inatajwa miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za kutisha za Bongo Muvi. Jina lake lilitoka katika masimulizi ya Wanyakyusa, majirani zetu wa Mbeya, na hiyo ilikuwa busara: mtazamaji wa nyanda za juu alifika kibandani akiwa ameshatishwa na bibi yake. Baadaye Banzi akatoa Shumileta, ya mwanamke wa kijini anayempenda binadamu. Nyuma ya zote kuna kivuli cha Nigeria, hasa Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mume anamtoa mkewe kafara apate utajiri, kisha marehemu anamtokea. Filamu ile ya Kinigeria ilitengenezwa kwa video ya kawaida na athari zake ni za kubahatisha, lakini inauma hata sasa, kwa sababu mzimu ule ni mke, na pesa ile ni pesa ambayo kila mtu ukumbini anaihitaji.

Vibanda vyenyewe vina mchango ambao wahakiki huusahau. Ndani ya kibanda umiza hakuna kimya: kuna jenereta, kuna muuza karanga, na kwa miaka mingi ilikuwepo sauti ya mfasiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alirekodi simulizi yake ya Kiswahili juu ya kanda nyingi za nje. Wanaoshikilia usafi wa sinema watasema sauti ile inaua hofu, na kwa Cat People wangekuwa sahihi. Lakini msimuliaji hodari alikuwa na uwezo ambao Tourneur hakuwa nao: aliweza kuyakatisha maneno yake mwenyewe. Baada ya dakika arobaini za maneno mfululizo, mfasiri anapokaa kimya, kibanda kizima hujua kuna jambo.

Udhaifu mkubwa wa picha zetu uko kwa mchawi. Karibu kila mara ni bibi kizee, nguo nyeusi, macho mekundu ya lenzi, kicheko kirefu. Kisanaa ni uvivu. Kwa nchi hii ni zaidi ya uvivu. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na moja ya alama walizohukumiwa nazo ni macho mekundu, yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni na samadi miaka hamsini jikoni. Hapa kwetu Rukwa, mwaka 2013 na tena 2015, watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo, baadhi yao wakiwa watoto. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwongozaji anayeweka kamera kwa bibi mwenye macho mekundu anapaswa kujua inaelekea kwa nani, na sheria pekee haitamfundisha; Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inaweza kuikagua picha, haiwezi kuipa macho.

Kwa hoja hii, filamu ya kutisha kuliko zote zilizopigwa Tanzania haijawahi kuuzwa kama ya kutisha. Ni White Shadow ya Noaz Deshe, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2013 na kupata pale tuzo ya filamu bora ya kwanza. Hamisi Bazili anaigiza kijana mwenye ualbino aliyeshuhudia baba yake akiuawa, akapelekwa mjini kwa mjomba. Kamera haitulii, inachungulia, inakimbia naye kwenye majani. Wawindaji hawana macho mekundu. Wana panga, wana wateja, wana bei. Filamu inasumbua, mahali pengine inajipoteza, ni ndefu kuliko inavyohitaji; lakini ukiimaliza utamtazama kwa jicho jingine kila anayemwita mtoto njiani.

Njia nyingine ilionyeshwa na His House ya Remi Weekes, 2020. Mume na mke wakimbizi kutoka Sudan Kusini wanapewa nyumba Uingereza. Ukutani kuna waliozama baharini, na kuna mchawi wa usiku aitwaye apeth. Mtu mwenye akili angehama. Wao hawawezi: masharti ya hifadhi yanawakataza kuhama, na afisa anakuja kukagua. Swali la zamani la watazamaji, kwa nini hawatoki tu kwenye hiyo nyumba, limejibiwa kwa karatasi ya serikali.

Yanayofuata

Vijana mliokaa nyuma na simu mkononi, hizo simu zinapiga picha safi kuliko kamera iliyopiga Living in Bondage. Ufipa ina ukungu wa Mbizi, ina ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ina mabaki ya tanuri ndefu za udongo ambamo mababu waliyeyusha chuma. Ina masimulizi ambayo Roy Willis aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1978, na mengine mengi yaliyobaki vichwani mwa waliokaa mstari wa mbele jioni hii. Waulizeni. Waulizeni hasa kuhusu Kamcape, kabla mashuhuda hawajaisha, na waulizeni pande zote: aliyeshika kioo, aliyeitwa atoe pembe, na aliyekuwa mtoto akitazama.

Na mkishapiga picha zenu, kabla ya kuweka muziki, zionyesheni kwanza kibandani Namanyere au Muze, siku ya gulio, bila sauti kabisa. Kaeni pembeni, msitazame kioo cha runinga, tazameni watu. Andikeni dakika ambayo mtu anaacha kutafuna. Hapo pabaki kama palivyo. Kwingine kote kuna kazi ya kufanya, na mwongozaji wa kwanza kutoka mkoa huu atakayeifanya hatahitaji kuagiza lenzi nyekundu kutoka Dar es Salaam.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wa maswali umefika, na kuna mzee pale kulia amenyoosha mkono tangu alipotajwa msakaji wa kioo.